Piga Tizi, Lakini Jibambe: Form ya Baiskeli Alunguli

Nairobi kuna aina ya msee unamjua. Amenunua baiskeli ya bei ya nduthi mbili, amefunga kompyuta kwa hendo, na kabla atoke keja Jumamosi ashaambiwa na programu leo ni dakika ngapi, moyo upige mara ngapi, wati ngapi. Akifika Ngong hacheki vilima. Anacheki namba. Mbogi ikisimama kukunywa chai, yeye anazunguka tu hapo nje ndio avareji isishuke. Huyu jamaa alitoa doh ndefu apate kitu ya kujibamba nayo, alafu akaigeuza wera ya pili. Wera yenye haimlipi, na bosi ni simu.

Sasa vuka mipaka miwili, twende Alunguli. Huko mambo iko chini juu. Huko baiskeli ni wera tayari, kuanzia jua halijatoka. Hakuna mtu ameibembeleza ikuwe hobi. Na bado kijana wa miaka 20 ni kijana popote: akishawekelea miguu kwa pedali anataka kujua nani ana spidi, nani anaweza kuachia nani vumbi. Swali la yule wa Ngong ni venye atarudisha raha kwa tizi. La huyu wa Alunguli ni gumu zaidi: utapataje tizi, na utapataje raha, kwa kitu imekuchosha tangu alfajiri?

Kama hujui Alunguli, cheki. Kindu, mji mkuu wa Maniema, Kongo, umekatwa na mto Lualaba, huo wenye ukishuka zaidi unaitwa Kongo. Mji uko na komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya magharibi, upande wenye reli ya kutoka kusini inaishia. Alunguli iko peke yake mashariki. Daraja hakuna. Ukitaka kuvuka ni mtumbwi ama feri, wewe na baiskeli yako, so siku ya wengi inaanzia kwa bichi, vile Wakongo wanaita gati la mto. Ukipea mto mgongo, barabara inashika msitu kuelekea Kalima, mji wa madini ya bati, karibu kilomita 100 hivi. Udongo ni mwekundu. Mvua ikishika, tope inakaa kwa breki hadi uichokoe na kijiti.

Hapo ndio toleka inaishi. Toleka ni baiskeli ya abiria, na Kisangani huko chini ya mto ndiko ilivuma sana. Mashine yenyewe ni ile sisi tunaita Black Mamba: chuma nzito, keria ya nyuma imewekwa kiti laini, cheni inalia ikikosa mafuta. Kando yao kuna wale wa mzigo mrefu, wenye hawakalii baiskeli hata kidogo. Wanaisukuma kwa miguu, imebeba mchele na madumu ya mafuta ya mawese, fimbo imefungwa kwa hendo ndio waweze kuiongoza wakiwa pembeni. Wakati vita vya 1998 hadi 2003 vilikata reli ya kutoka Katanga, hao wasee walikuwa njia ya kweli ya kufikisha chakula Maniema. Saii nduthi zimeingia na zimeng'oa abiria wengi. Lakini baiskeli haijahepa.

Mtu akikuambia msee wa toleka hahitaji tizi ju anapedali siku nzima, muulize basi mbona anaachwa kwa spidi na kijana mwembamba wa shule mwenye hajawahi beba hata ndoo. Jibu liko kwa venye wera yenyewe imekaa. Kuna mwanasayansi wa mazoezi, Stephen Seiler, Mmarekani anafanyia wera Norway. Huyu alicheki venye mabingwa wa michezo ya pumzi wanapanga wiki zao, akakuta takriban asilimia 80 ya vipindi ni rahisi kabisa, na ile 20 imebaki ndio moto. Toleka haijui hiyo hesabu. Toleka ni katikati, asubuhi hadi jioni. Abiria wa kilo 70, mfuko wa mchele kwa mapaja yake, mguu unasukuma polepole na kwa nguvu. Si rahisi ya kupumzisha mwili, na si moto ya kuufunza spidi mpya. Jioni umechapa vibaya, na moyo haujawahi fikishwa kule juu hata mara moja.

Kipimo ya hii kitu ni ya bure, iko kwa mdomo. Ukiweza kupiga stori sentensi nzima bila kukatika, uko rahisi. Ukitoa maneno mawili alafu unatafuta hewa, uko moto. Alafu kuna pale katikati, penye unaweza kuongea lakini hutaki. Mama wa sokoni nyuma anakuambia, "Papa, kaza kidogo, mutumbwi iko inaenda!" na wewe unajibu tu, "Mama, shika nguvu," basi, hakuna stori ingine hadi bichi. Hapo katikati ndio toleka inakuweka maisha yako yote.

So programu ya huyu msee lazima ikuwe fupi hadi ikae ni kama mzaha. Siku mbili za moto kwa wiki. Sema Jumanne na Alhamisi, ama siku zozote zenye soko imelala, ju kumwambia mtu alenge mzigo ni kumwambia alenge chapaa, na kocha mwenye haelewi hiyo akae na ushauri wake. Unaamka kabla wateja wajae bichi. Baiskeli tupu, hakuna mtu kwa keria. Dakika 10 za kupasha mwili pole pole. Alafu dakika 4 za moto, dakika 3 za kuzungusha pole, unarudia hadi moto zikuwe nne. Dakika 10 za kushuka, umemaliza. Ni dakika 45 jumla. Hii ndio ile 4 kwa 4 ya Wanorwe. Ilipimwa maabara huko Trondheim ikaonekana inapandisha uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni kuliko kwenda mwendo wa pole kwa muda mrefu. Na wewe ule muda mrefu unao tayari, unalipwa nauli kuufanya.

Hauna saa? Weka ngoma kwa simu. Rumba ya Kongo imejengwa ni kama ilijua: inaanza taratibu, mtu analalamika kuhusu mapenzi, alafu gitaa zinashika sebene na kila mtu anasimama. Sebene ikishika, na wewe shika. Si sahihi kama maabara, lakini nani amekuambia uko maabara.

Na usidharau Black Mamba ju haina gia za kubadilisha. Kwa tizi hiyo ni baraka. Hesabu meno: mara nyingi mbele ni 44, nyuma 18. Na tairi la inchi 28, kila mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita 5 na nusu. Mizunguko 60 kwa dakika ni karibu kilomita 20 kwa saa. Ukifika 90 uko karibu 30. So ile kompyuta ya msee wa Ngong, wewe unayo kwa goti. Angalia goti la kulia kwa sekunde 20. Likipanda mara 20, uko 60 kwa dakika. Likipanda mara 30, uko 90. Meno yako yakiwa tofauti, piga hesabu mara moja na fundi wa mtaa, utaijua maisha.

Hiyo 90 kwanza itakuangusha. Mguu wa toleka umezoea kusukuma 50, 55, mzito, na magoti ndio yanalipa bili. Kuzungusha haraka bila mzigo kutakufanya urukeruke kwa kiti wiki za kwanza, wasee watakucheka. Wacha wacheke. Mwili ukishajifunza, siku ya abiria mzito unashangaa hata wera imekuwa nyepesi, na hapo ndio tizi inaanza kukulipa kwa pesa taslimu.

Siku zingine zote, usiongeze kitu. Wera ndio tizi.

Najua mahali hii stori inaelekea kwa kichwa ya kijana. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipigwa Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Mbio ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, vilima juu ya vilima, na mwishowe ni wasee 30 pekee walimaliza. Tadej Pogačar wa Slovenia akabeba. Mwaka kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua huko. Na wale wa keria wako kwa hiyo historia pia. Gasore Hategeka wa Rwanda alikuwa yatima, akipiga wera ya kubeba watu na baiskeli nzito. Timu ya taifa ikipita barabarani, anaifukuzia, hadi wakamchukua. Kenya nayo, 2008, mpiga picha wa Singapore anaitwa Nicholas Leong alibeba wasee wawili hadi Ufaransa: Zakayo Nderi, mng'arisha viatu, na Samwel Mwangi, wa boda boda ya baiskeli. Akawatupa kwa mlima wa Alpe d'Huez, kilomita 13.8, kona 21. Nderi alipanda kwa kama dakika 42, wazungu wa baiskeli wakashtuka.

Tamu. Lakini tuongee ukweli. Alunguli iko karibu mita 500 tu juu ya bahari, na Iten, penye Wakenya wanapigia tizi, iko kama 2,400. Alunguli hewa ni nzito, joto linakufunika, na mlima wa kufanyia tizi hakuna. Timu za Ulaya zinasaka vijana wakiwa bado 17, 18. Ukiwa 26 na watoto wawili na karo ya shule, programu isikudanganye wewe ni Girmay amechelewa. Unaweza kuwa mtu wa spidi zaidi Maniema yote, na hiyo ni kitu kubwa, inatosha kuamkia. Hapo ndio raha inakuwa na maana, ju kama unaumia kwa sababu ya jezi yenye haitakuja, utaichukia baiskeli kabla mvua ya pili.

Sasa raha yenyewe. Jumapili, misa imeisha, mto umetulia. Baiskeli zimeoshwa hadi spoku zinang'aa. Kuna mwenye amefunga riboni kwa hendo, kuna mwenye amevua kiti cha abiria ndio mashine ikae nyepesi, kuna mwenye hajavua ju amebeba dem na amekubali kuwa wa mwisho. Wanashika njia ya Kalima bila kujua watageukia wapi. Stori zinapigwa, wengine wanaimba. Mtu anauliza mtu deni. Alafu mbele kunaonekana mti mkubwa, na bila yeyote kusema neno, msee mmoja anasimama kwa pedali. Sekunde hiyo wote wamesimama. Vumbi, matusi, cheni moja inatoka, mshindi anafika kwa mti anapiga kifua na anaanza kuhubiri. Wanapumua, wanacheka, wanatambaa tena hadi mti mwingine.

Kocha akiona hiyo kitu anatoa kalamu. Miaka ya 1930 Msweden Gösta Holmér aliwajengea wakimbiaji wake tizi ya namna hiyo hiyo: shika kasi ukijiskia, achilia ukichoka, tumia njia yenyewe kama saa. Dunia nzima bado inaitumia. Kumaanisha ile mbogi ya Jumapili, wakidhani wanapoteza wakati tu, inafanya moto ya ukweli, na inafanya zaidi ya moto. Inakufunza kupita mwenzako kwa njia nyembamba, kushika kona kwa changarawe, kujua nani atashambulia kwa kuangalia tu bega lake. Hizo haziko kwa 4 kwa 4. David Kinjah, yule mzee wa dredi wa Kikuyu, alilea vijana wake wa Safari Simbaz kwa njia za vumbi za kijiji, na mmoja wao alikuwa kijana mzungu anaitwa Chris Froome, mwenye alikuja kushinda Tour de France mara nne.

Lakini sitaki kukuuzia stori za jaba ati raha na tizi hazigombani. Zinagombana kila wiki. Raundi ya Jumapili inaanza na mizaha inaisha vita, ju kuna wasee wawili hawawezi kuachiana. Jumatatu wanaamka miguu imekufa, Jumanne wanajilazimisha kwa moto ju ratiba imesema, Alhamisi tena, na kati ya hizo siku kuna abiria. Wiki ya tatu msee anaumwa magoti na hataki hata kuona baiskeli. Mi nasema hivi: Jumapili ikigeuka vita, sawa, si dhambi. Ihesabu kama siku ya moto, alafu futa moja ya katikati ya wiki. Usifute raha ndio uokoe ratiba.

Na ukiamka, kabla utoke kwa kitanda, weka vidole kwa shingo hesabu mapigo dakika moja. Jua kawaida yako. Yakikaa juu ya kawaida siku kadhaa mfululizo, na usingizi hauji, na kila kitu inakukera, mwili umesema. Siku hiyo hakuna moto. Hata sebene ikilia.

Manga pia ni tizi. Bugali na sombe (majani ya mhogo) ya usiku ndio petroli ya kesho, mchele wa Maniema vile vile, na kabla ya Jumapili ndefu beba ndizi mbivu. Moja ya saizi ya kawaida ina kama gramu 25 za wanga, na mwili ukisukuma zaidi ya saa moja unataka gramu 30 hadi 60 kila saa, so ndizi mbili kwa saa zinakubeba bila kununua zile vitu za pakiti. Maji kwa hilo joto si ya kuongelea hata. Ramadhani, na Maniema iko na Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za Kongo, hamisha moto iingie baada ya futari, ya mchana ibaki kutambaa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndio wakati wa kupanga mbio za mtaa, ju njia imekauka. Mvua ikirudi, kubali tope ikuwe kocha, punguza ratiba, ongeza mizaha.

Kitu ingine, haraka. Kama mbogi yako iko na machali pekee, mbogi iko na shida. Pale Kigali Magdeleine Vallieres wa Kanada alichukua dhahabu ya wanawake na hakuna mtu alikuwa amempigia debe. Huko Alunguli kuna msupa anavuka na baiskeli ya fathee wake kila asubuhi na hajawahi kuitwa Jumapili. Muite. Akikuacha kwa mti wa kwanza, utakuwa umepata mtu wa kupiga naye tizi Alhamisi.

Sisi wa Nai tuko na ile Critical Mass ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baiskeli za kila aina zikijaza tao, za bei na za mtumba, hakuna mshindi, hakuna namba. Msee wa Ngong, anzia hapo. Zima hiyo kompyuta siku moja kwa wiki, na wacha mwenye yuko slow zaidi apange mwendo. Na wewe wa toleka, dakika zako 45 ni mbili tu kwa wiki, usiibiwe na mtu, hata mimi. Wiki ikibana na lazima ulenge kitu, lenga Alhamisi. Jumapili usiiguse.